Kisu kidogo cha kambini: niliyojifunza kati ya Rondo na Msimbati

Kisu changu cha kwanza cha safari kilivunjika ncha nikichimbua ming'oko, ile mizizi ya porini inayoliwa. Tulikuwa njiani kwenda Rondo, kwenye misitu ya juu kule Lindi, njaa imetushika, na mama mmoja wa kijijini akatuonyesha mahali ilipo, akatuachia tuchimbe wenyewe. Yeye alikuwa na muo, kijiti kigumu kilichochongwa ncha. Mimi nina kisu kipya, kirefu, kinang'aa, nikaona muo ni mambo ya kizamani. Nilichoma ardhi mara tatu nne hivi, kisha nikasikia "ki!" Ncha ikabaki kwenye jiwe. Yule mama hakunicheka. Alisema tu, "Mwanangu, hicho si cha kumenyea?"

Siku hizi napika na kusimamia kambi za watu wanaotembea kwa miguu, mabegi mgongoni: wanafunzi, watafiti wa misitu, wageni wanaotaka kufika Tendaguru kuona alikochimbuliwa yule mjusi mkubwa aliyesimamishwa Berlin. Kila msimu wanakuja vijana wapya kujifunza kazi, na kabla hata hawajajua kufunga turubai wananiuliza, "Dada, ninunue kisu gani?" Nimejibu mara nyingi kwa mdomo, safari hii naandika.

Kwanza jiulize kisu kitafanya nini tangu asubuhi hadi usiku. Kitakata vitunguu na nyanya. Kitaparua samaki. Kitamenya muhogo na embe, kitakata kamba, kitafungua mfuko wa mchele, kitachonga vijiti vya kuwashia moto kuni zikiwa na umande. Kazi yenyewe ni hiyo, siku nzima. Kukata matawi, kupasua kuni na kufungua dafu ni kazi ya panga, na huku kusini sijaona kambi isiyo na panga. Mnaona kwenye video wazungu wanagonga mgongo wa kisu kwa gogo ili kupasua kuni. Wanafanya hivyo kwa sababu hawakubeba panga. Wewe unalo, liache lifanye kazi yake. Na dafu usilifungue kwa kisu kidogo hata kama umeona mtu anafanya. Kinateleza kwenye ganda, na mkono ulioshika dafu ndio unaokutana nacho.

Kwa hiyo bapa la sentimita 9 hadi 11 linatosha. Urefu ni shauri dogo lakini, unene ndio unaowadanganya wengi. Kisu chenye bapa la milimita 5 ukikishika dukani unajisikia askari. Kipeleke jikoni sasa: hakikati karoti, kinaipasua kama kabari. Kitunguu kinakimbia. Nyanya inakuwa supu kabla ya kufika sufuriani. Tafuta milimita 2 na nusu, isizidi 3. Wengi huja na Mora kutoka Uswidi, ile Companion ya mpini wa plastiki, bapa sentimita 10.4 na unene milimita 2.5. Ni kisu cha bei nafuu huko kwao na hakina sura ya kutisha, ila kambini kinavipita visu vya gharama kubwa nilivyowahi kubebeshwa. Waliosema mwenye kisu kikali ndiye mla nyama hawakusema mwenye kisu kinene.

Kuna watakaokwambia lazima msuka, yaani ile sehemu ya chuma inayoingia kwenye mpini, ufike hadi mwisho. Ni jambo jema, linaongeza nguvu, lakini msilifanye dini. Msuka wa Mora ninayoisema haufiki mwisho wa mpini, na yangu imenitumikia miaka mingi kwa sababu siigongi wala siitumii kama mtaimbo. Kitu cha kukikimbia ni kisu chenye mpini mtupu ndani, kile kinachouzwa na dira juu ya kifuniko na ndoano za samaki tumboni. Pale msuka umekatwa mfupi ili ndoano zipate nafasi. Siku kitakapokatika utakuwa umekikamia kwa nguvu zako zote, na bapa litaruka litakakotaka.

Sasa chuma. Hapa nitakaa kidogo, maana pwani yetu ina tabia yake.

Visu vya safari huuzwa kwa aina mbili kubwa. Kuna chuma cha kaboni, mfano kile wanachokiita 1095, chenye kaboni karibu asilimia 0.95. Kinanoleka upesi na kinapata makali matamu. Kuna na kile kisichoshika kutu haraka, ambacho kina kromiamu kuanzia asilimia 10.5 kwenda juu. Mtu wa Newala au Masasi, mbali na bahari, anaweza kutumia kaboni akaifurahia. Mimi nililala Msimbati usiku mmoja na kisu cha kaboni ndani ya ala ya ngozi, nilikuwa nimeparulia samaki aina ya changu jioni yake na kukifuta juu juu kwa kanga. Asubuhi kilikuwa kimeota vipele vya rangi ya udongo wa Makonde. Chumvi ilikuwa imeingia kwenye ngozi, na ngozi haikauki. Tangu siku hiyo, safari za pwani nabeba kisichoshika kutu, na ala ya plastiki yenye tundu chini la kutolea maji.

Ila "kisichoshika kutu" ni jina la heshima tu. Kwenye maji ya bahari nacho kinashika, kinachelewa tu. Kisuuze kwa maji baridi ya kunywa, kikaushe, kipake mafuta ya nazi kidogo sana kwa kidole. Ya kula hayo hayo, usiende kupaka oili ya pikipiki kwenye kitu kitakachokata nyanya. Na ukiwa na cha kaboni usishtuke kikigeuka rangi ya bluu au kijivu baada ya kukata ndimu na embe bichi. Weusi ule hauna ubaya, hata unakinga kidogo. Kutu ni ile nyekundu inayochafua kidole.

Visu vya wahunzi wetu wanaofua springi za magari sividharau. Springi ni chuma kizuri. Tatizo ni kwamba wengine hukifua vizuri kisha wasikipe ugumu sawasawa. Beba tupa ndogo unapokwenda kununua, na uombe ruhusa kabla hujakwangua kisu cha mtu: gusa karibu na makali. Tupa ikiteleza, chuma ni kigumu. Ikiuma na kutoa unga kirahisi, hicho kitakufa makali kabla samaki wa pili hajaisha.

Kunoa mnakuogopa bure. Kama kisu ni cha mteremko mmoja mpana wa makali, kama zile za Uswidi, laza mteremko wenyewe juu ya kinoo, basi, pembe imeshajipanga. Cha aina nyingine inua mgongo upate kama nyuzi 20 kila upande. Kwa bapa la upana wa sentimita 2, ni kuinua kama milimita 7. Huna kinoo? Geuza kikombe cha udongo, ile duara ya chini isiyong'arishwa inanoa vizuri tu. Nyumbani natumia msasa namba 1000 nilioubandika kwenye kibao. Msimpelekee fundi mwenye grenda. Atakurudishia baada ya dakika moja, cheche zimeruka, watoto wamefurahi, na makali yamegeuka bluu. Ile bluu ni moto, na moto ule umekwisha kuua ugumu wa chuma. Utanoa kila siku na hakitakaa.

Mpini nina kisa nao. Mjomba wangu ni mchonga vinyago, na aliposikia nahangaika na visu akanitengenezea mpini wa mpingo. Kwetu Wamakonde mjomba ndiye mwenye neno, basi sikuweza kumwambia haufai. Lakini haukufaa. Mpingo ni mti mzito, ukiutupa majini unazama, na yeye alikuwa ameung'arisha kama kinyago cha kuuzia watalii. Mkono ukiwa na utelezi wa samaki mpini unakimbia kuelekea kwenye makali. Nilimpelekea siku nyingine, nikasema, "Shikamoo mjomba, huu mpini ni mzuri mno, naogopa kuutia samaki." Akaelewa, akacheka. Alichukua patasi akauchora mistari ya kukingama, akachonga na kivimbe kidogo mbele cha kuzuia kidole. Sasa unashikika, ingawa bado ni mzito kwa safari na natumia nyumbani. Unaponunua, lowesha mkono kwanza, halafu ushike. Vidole vinne vyote vikae, kidogo kisibaki nje. Na chagua rangi ya kuonekana, ya machungwa au nyekundu. Rangi ya kijani ya kijeshi ni nzuri sana hadi utakapokiweka kwenye nyasi za Rondo saa kumi na mbili jioni.

Kuna vitu vya huku ambavyo maelekezo ya kwenye maboksi hayavijui. Ukipasua korosho mbichi, ganda lake lina mafuta yanayobabua ngozi. Osha kisu kwa sabuni mara mbili kabla hakijagusa chakula, na usifute kwa kitambaa kile unachojifutia uso. Minyaa ya uani usiikate kwa kisu cha jikoni, na afadhali usiikate kabisa, utomvu wake ukiingia jichoni utaomba dua zote. Kijana mmoja aliwahi kukata kijiti cha mnyaa ili achomee mishikaki. Tulikitupa kabla nyama haijapanda, yeye mwenyewe hakuelewa kwa nini nilipiga kelele vile.

Ukienda kwenye hifadhi, muulize askari kabla ya kuingia, umwonyeshe kisu na panga bila kuficha. Sheria za hifadhi zinakataza silaha bila ruhusa, na maelezo ya getini ni rahisi kuliko maelezo ya katikati ya pori. Ukipanda ndege, kisu kikae kwenye begi la kukabidhi.

Ukikitumia, kaa chini, chonga kuelekea nje ya mwili, na asiwepo mtu ndani ya urefu wa mkono wako. Usichonge juu ya paja lako. Kutoka Rondo kwenda hospitali ni safari, na damu ya paja haina subira.

La mwisho ni ala. Pindua ala kichwa chini, itikise. Kisu kikitoka, usikinunue, au kipeleke kwa fundi viatu akushonee kamba ya kufungia. Na ukipanda boti, usikivae kiunoni, kifunge ndani ya begi. Mora yangu ya kwanza, nzima, kali, ya rangi ya machungwa kabisa kama ninavyowashauri, ipo chini ya maji ya ghuba ya Mikindani. Niliinama kuvuta kamba ya nanga. Niliiona ikishuka muda mrefu sana, ile rangi inaonekana kweli.