Soma kaye yao kabla benki haijaisoma

Lubumbashi, Kongo, komini ya Kenya

Papa wangu, mwanangu,

Ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza mara tatu, maana spika ya simu yangu inakwaruza kama redio ya marehemu babu yako. Kama nimekuelewa, unataka kuomba mkopo wa nyumba huko Ohio, na mwenzako wa kazini amekuonya usifungue ripoti yako ya mikopo, eti kila ukiifungua zinashuka alama zako, zile ambazo benki inakupimia kama unaaminika kukopeshwa. Sasa unaniuliza uende benki moja kwa moja, au uitazame kwanza.

Itazame kwanza. Mwenzako amechanganya mambo mawili. Ukiiomba wewe mwenyewe, haishuki hata alama moja. Inayoweza kushusha kidogo ni pale benki inapoiomba kwa sababu umetaka mkopo. Na hata hapo, ukizunguka benki kadhaa kulinganisha riba ya nyumba ndani ya siku 14, maombi yote yanahesabiwa kama moja. Haya nimeyapata kwa mkubwa wako, dada yako, ambaye alishapita njia hiyo. Alinisomea polepole kwa simu, nami nikaandika kwenye kurasa za mwisho za kaye, lile daftari langu la madeni ya sokoni, zile ambazo bado hazijajaa unga.

Hiyo kaye unaijua, ndiyo iliyolipa minervali yako, ada ya shule. Lakini kuna jambo sikukuambia kamwe, kwa aibu. Pale sokoni nilikuwa na wateja wawili waliozaa mapacha, na wote wawili tukiwaita Mama Mapasa. Mmoja alitoka Katuba, analipa kila Jumamosi bila kukumbushwa. Mwingine alikuwa wa mtaa wetu, akachukua mifuko miwili ya unga, akahama usiku. Mimi nikaandika "Mama Mapasa, mifuko 2" kwenye ukurasa wa yule wa Katuba. Miezi mitatu nilimnunia mtu wa watu. Akiomba kilo tano za deni, namwambia unga umekwisha, na gunia liko wazi mbele yake. Siku moja akachoka, akasema, "Hebu nifungulie hiyo kaye." Yeye hasomi, akamwita mtoto wake. Mtoto akaweka kidole kwenye tarehe: "Mama, siku hii tulikuwa Likasi, kwenye matanga." Nilitamani ardhi inimeze.

Na mimi ninamjua sura, nimekula bukari kwake. Huko Marekani wenye kaye ni mashirika matatu, Equifax, Experian na TransUnion, na hakuna hata moja linalokujua sura. Wanaletewa habari na benki, na wenye kadi, na wanaokopesha magari, na wakusanya madeni, kisha wanaziunganisha kwa jina, tarehe ya kuzaliwa, anwani na namba yako ya hifadhi ya jamii.

Majina yetu sasa, papa, ndiyo balaa. Mobutu alipokataza majina ya Kizungu mwaka 1972, watu wakaongeza la ukoo juu ya la ukoo; baadaye ya Kizungu yakarudi, na leo kila mtu ana jina la ukoo, postnomu (jina la pili baada yake) na prenomu (jina la kwanza). Hapa hakuna anayepotea. Huko postnomu mara inakuwa jina la kati, mara inashikamana na la ukoo, mara inamezwa kabisa. Mkubwa wako alikuta katika ripoti moja deni la simu la Texas, na Texas hajakanyaga. Lilikuwa la mtu mwingine mwenye majina yanayofanana na yake. Katika ripoti mbili nyingine deni hilo halikuwepo. Kwa hiyo usichukue moja ukaridhika. Chukua zote tatu, ni bure kila juma kwenye AnnualCreditReport.com. Andika anwani hiyo herufi kwa herufi, kwa sababu kuna zinazoigiza, zinakuomba kadi ya benki kwanza.

Usishangae kutoona alama ndani yake. Ripoti ni orodha ya madeni na tarehe za malipo. Mshahara wako haumo, wala akiba yako. Alama zinapigwa kutokana na orodha hiyo, kuanzia 300 hadi 850, na kwa nyumba benki mara nyingi inachukua ile ya katikati katika tatu zako. Mkopo unaodhaminiwa na serikali, ule wa FHA, unataka alama 580 ili utoe asilimia 3.5 tu ya bei mwanzoni. Chini ya hapo, hadi 500, ni asilimia 10. Kwa nyumba ya dola 200,000, hiyo ni tofauti kati ya dola 7,000 na dola 20,000.

Riba nayo. Nilipiga hesabu kwa kalkuleta ya soko, nikarudia kwa sababu sikuamini. Mkopo wa dola 200,000 kwa miaka 30: ukipewa asilimia 7 badala ya 6, unaongeza kama dola 130 kila mwezi. Mpaka mwisho inapita dola 47,000. Kwa deni la simu la mtu wa Texas!

Ukikuta kosa, liandikie shirika lenye ripoti hiyo na yule aliyepeleka habari, uambatanishe karatasi za kuthibitisha, ubaki na nakala. Kwa kawaida wana siku 30 za kuchunguza. Ndiyo maana nakuambia anza sasa, miezi kadhaa kabla, si juma lile ambalo mwenye nyumba anasubiri jibu lako. Mkubwa wako alianza akiwa amechelewa, na nyumba ya kwanza aliyoipenda ikachukuliwa na wengine.

Lakini deni likiwa lako kweli, usilipinge. Malipo yaliyochelewa yanakaa humo miaka saba, hakuna wa kuyafuta. Atakayekuambia umlipe kwanza ili akusafishie, mkimbie. Hata sheria yao inamkataza kudai pesa kabla ya kazi.

Halafu kadi yako. Dada yako anasema ukiitumia karibu na ukomo wake alama zinaanguka hata kama unalipa kwa wakati, basi ipunguze mapema. Ile ya zamani usiifunge. Na ile gari uliyonitumia picha yake, nyeusi, nzuri kweli, iache kwanza. Benki inaweza kuchungulia tena siku chache kabla ya kusaini, na deni jipya la gari litakukuta hapo.

Mama Mapasa wa Katuba bado ananunua kwangu. Ukurasa wake nimeuandika upya, na mtaa wake juu, na majina ya mapacha wote wawili.

Ukishapata zile ripoti, nipigie Jumapili baada ya misa, umeme ukiwepo. Anza na sehemu ya juu yenye jina na anwani, unisomee herufi kwa herufi jinsi walivyokuandika. Postnomu yako niliichagua mimi, nitajua kama wameiharibu.

Mama yako