Treni ya kutalii, Moshi tunaweza?

SWALI: Habari za kazi dada, mi niko Majengo hapa Moshi. Mdogo wangu kanionyesha video ya treni ya mvuke huko Marekani, watu wanapanda kuangalia milima tu halafu wanarudi walikotoka. Kwetu haiwezekani kweli?

JIBU: Inawezekana ndugu yangu, na mi naitamani sana! Hizo nyingi zilikuwa treni za kazi, kwa mfano ya Durango kwenda Silverton, Colorado, ilijengwa 1882 kubeba madini ya fedha, kama kilomita 72 hivi, leo inabeba watalii na injini za mvuke bado zipo. Sisi reli tunayo tayari, Wajerumani walianzia Tanga 1893 wakafika Moshi 1911, Arusha ikafikiwa 1929 enzi za Mwingereza, na mandhari ndo usiseme, ukitoka Korogwe kuja huku Usambara iko kulia kwako, halafu Upare, halafu Mlima wenyewe kama mawingu yamekubali. Kinachotakiwa ni mabehewa ya zamani yakarabatiwe na mafundi wa mvuke wapatikane, hapo ndo pesa inaenda. Kwa sasa panda treni ya kawaida ya kutoka Dar, ilirudi Moshi mwisho wa 2019 na Arusha 2020, kaa dirisha la kulia.