Gari Kuyumba Konani

SWALI: Gari langu, Subaru Impreza, huyumba konani ninapoteremka kutoka Mau Summit kuelekea Salgaa. Je, ninunue springi fupi ili kulishusha? Msomaji, Nakuru.

JIBU: Ndugu msomaji, anza na matairi, kwa kuwa ndiyo pekee yanayogusa lami. Soma tarakimu 4 za tarehe ubavuni: 2318 humaanisha kwamba tairi lilitengenezwa wiki ya 23 ya mwaka 2018, na mpira wa umri huo huwa umeanza kukakamaa hata kama mifereji yake bado ina kina. Kisha kagua bushi (vipande vya mpira kwenye maungio ya chini ya gari) na shokabsoba (vifaa vya kutuliza mtikisiko wa springi), kwani springi fupi juu ya shokabsoba zilizochoka hulifanya gari lirukeruke, na matuta yetu (nani asiyeyajua?) yatalikwaruza tumboni. Ukishabadilisha vilivyochakaa, pimisha alaimenti (mwelekeo wa magurudumu) upya.