Yule Anayekanyagwa na Shiva Ni Nani?

Swali: Mwalimu, shikamoo. Hivi karibuni nilihudhuria onyesho la uchezaji wa Kihindi hapa Mombasa, na pembeni mwa jukwaa palikuwa na sanamu ya shaba ya Shiva akicheza ndani ya duara la moto, mguu wake mmoja ukiwa juu ya mtu mdogo aliyelala. Jirani yangu aliniambia kwamba Shiva ni mungu wa maangamizi na kwamba yule ni adui aliyemuua. Nilipoisogelea sanamu, nikaona mtu yule ameinua kichwa na macho yake yako wazi. Je, maelezo ya jirani ni sahihi? Na kwa nini sanamu za namna hii ninazoziona katika picha za makumbusho huwa na matundu kwenye kitako?

Jibu: Marahaba. Ulichokiona kina ukweli zaidi kuliko ulichoambiwa, kwani mtu yule hajafa. Kwa Kisanskriti huitwa Apasmara na kwa Kitamil Muyalakan. Jina la kwanza linahusu kusahau na kupotewa na kumbukumbu, na ndilo neno ambalo matabibu wa kale wa India walilitumia pia kwa ugonjwa wa kifafa. Katika sanamu hii, kibeti huyo ni mfano wa ujinga wa nafsi iliyosahau asili yake. Hadithi inayohusishwa na hekalu la Chidambaram, katika jimbo la Tamil Nadu kusini mwa India, inasimulia kwamba wacha Mungu walioishi msituni, wakijivunia nguvu za matambiko yao, walimtumia Shiva chui milia, kisha nyoka, na mwisho kibeti huyo. Shiva akamchuna chui na kuivaa ngozi yake, nyoka akamfanya pambo, na kibeti akamkanyaga na kuanza kucheza juu ya mgongo wake.

Jirani yako hakukosea kabisa, ila alishika jambo moja kati ya matano. Umbo hili huitwa Nataraja, yaani Mfalme wa Wachezaji, na wanazuoni wa Shaiva Siddhanta, madhehebu ya waabudu Shiva, hulisoma kama picha ya matendo matano ya Mungu: kuumba, kuhifadhi, kuangamiza, kuficha na kutoa neema. Mkono wa kulia wa nyuma umeshika kigoma chenye nyuso mbili, kilichobanwa katikati, na mlio wake ndio mwanzo wa kuumbwa kwa vitu vyote. (Sisi tunaosema Kiswahili hatupati shida hapa, maana kwetu ngoma ni kile kinachopigwa na pia kile kinachochezwa.) Mkono wa kushoto wa nyuma umebeba mwali wa moto, na hayo ndiyo maangamizi aliyokutajia jirani. Mkono wa kulia wa mbele umekuelekezea kiganja, ishara ya kusema usiogope, nao ni wa kuhifadhi. Mkono wa nne, uliopitishwa mbele ya kifua na kulegezwa kama mkonga wa tembo, unaonyesha mguu wa kushoto ulioinuliwa, ambao ni mguu wa neema, mahali nafsi inapopata kufunguliwa.

Unabaki mguu wa kulia, ule uliokanyaga, na hapa ndipo maelezo mengi mepesi yanapopotea. Ingekuwa rahisi kusema kwamba ujinga umeshindwa, tukaishia hapo. Lakini maandishi ya Kitamil ya karne ya 13 yaitwayo Unmai Vilakkam yanauhesabu mguu huo kuwa ni mguu wa kuficha. Kwa mafundisho hayo, Mungu hujificha nyuma ya pazia la dunia ili kila nafsi ipitie matokeo ya matendo yake, maisha baada ya maisha, hadi itakapopevuka na kuweza kuipokea neema. Kwa maoni yangu, hii ndiyo sababu picha ya shujaa na adui haitoshi: mguu unaomkandamiza kibeti na mguu unaoikomboa nafsi ni vya mchezaji mmoja, katika hatua moja ya ngoma, na ukiuondoa ule wa chini, ule wa juu hauna pa kuegemea.

Naomba hata hivyo usichukulie kwamba mafundi walikuwa na orodha hiyo mkononi. Umbo la Nataraja lilienea katika mahekalu ya ufalme wa Chola, kusini mwa India, katika karne ya 10, hasa kwa ufadhili wa malkia Sembiyan Mahadevi, miaka mia kadhaa kabla ya maandishi niliyoyataja. Kwa wasomaji wa nje ya India, tafsiri hiyo ilipata umaarufu kupitia insha ya mwanahistoria wa sanaa Ananda Coomaraswamy, iliyotoka katika kitabu mwaka 1918, na tangu hapo imerudiwa mno hata ikaonekana kana kwamba ndiyo pekee.

Kuhusu matundu, hayo ni ya kazi. Sanamu za shaba za namna hii zilitengenezwa ili mungu atoke hekaluni na kuzungushwa mitaani siku za sherehe, na matundu ya kwenye kitako yalikuwa ya kuifungia sanamu kwenye miti ya kubebea au kwenye gari la maandamano. Huko Chidambaram, Nataraja mwenyewe hutolewa katika chumba chake kitakatifu mara mbili kwa mwaka. Anapotoka huwa amevishwa nguo, vito na mashada ya maua, kiasi kwamba sehemu kubwa ya mwili haionekani. Kwa hiyo mengi ya niliyokueleza huonekana vizuri zaidi katika chumba cha makumbusho kuliko mbele ya waumini ambao sanamu ilitengenezwa kwa ajili yao.