Treni za India: msiogope, ila kateni tiketi mapema

Dada, umeuliza kama wewe na mumeo mtaweza kuzunguka India wenyewe, bila wakala, mabegi mgongoni. Mtaweza. Mimi na mume wangu tulitoka Delhi hadi Varanasi kwa treni, na kilichotusumbua ni tiketi tu. Zinafunguliwa siku 60 kabla ya safari na huisha upesi. Mkiona "WL" kwenye tiketi, mjue bado mko kwenye foleni ya kusubiri nafasi. "RAC" mnapanda, ila mnagawana kitanda kimoja cha pembeni, miguu ya mwenzio ubavuni mwako usiku kucha. (Ndoa yetu ilipona.) Chukueni daraja la 3A (behewa la vitanda lenye kiyoyozi), shuka mnapewa. Na pale stesheni ya New Delhi, atakayewaambia ofisi ya tiketi za watalii imefungwa, mpiteni tu, anawadanganya. Iko ghorofa ya kwanza, humo humo stesheni.