Ukipewa kiangazi tu, dai na masika

Kijana mmoja aliyemaliza Chuo Kikuu cha Sokoine ameniandikia wiki hii: "Shikamoo kaka. Nimepata kazi yangu ya kwanza, kupima uoto kwenye leseni ya madini ya kinywe (grafiti) huko Lindi kabla mgodi haujaanza. Tunaingia Septemba. Nianzie wapi, na malipo niyadai vipi?"

Marahaba, mdogo wangu, na hongera. Anzia kwenye hiyo Septemba yenyewe, maana tatizo lako la kwanza ndilo hilo.

Lindi mvua huanza Desemba hivi na kuishia Aprili. Septemba utakuta miti mingi ya miombo imepukutisha majani, mingine ndiyo kwanza inatoa yale machipukizi mekundu yanayowapendeza wapiga picha. Miti haitakusumbua. Mninga utaujua kwa matunda yake ya duara yenye miiba katikati, na mpingo mwenyeji yeyote atakuonyesha. Shida iko chini. Nyasi zimeshaungua, na mimea yenye viazi na vitunguu ardhini, pamoja na okidi za ardhini, imejificha yote. Utapima nusu ya msitu halafu uandike ripoti nzima.

Mimi niliwahi kuwa mtu wa mimea kwenye timu ya washauri wilayani Ruangwa. Kampuni siitaji, wenyewe wanajijua. Kiongozi wetu alitaka kila kitu kiishe kiangazi kwa sababu barabara zinapitika. Tukaweka ploti, yaani vipande vya kupimia, za mita 20 kwa 20, tukapima kipenyo cha kila mti kwenye usawa wa kifua, mita 1.3 kutoka ardhini, na kila jioni akaandika neno lilelile: miombo. Ramani nzima ikapakwa kijani kimoja. Nikamwambia tukirudi mvua zikinyesha ramani hii itagawanyika. Akanijibu mbele ya vijana wa kubeba vifaa kwamba mgodi hausimamishwi na majani. Vijana wakacheka. Kicheko kile ninacho mpaka leo.

Masika nikarudi peke yangu, kwa nauli yangu. Habari za matope na bodaboda tuziache. Kule juu ya miamba, ambako Septemba tuliandika "mwamba mtupu", maji yalikuwa yanachuruzika kwenye udongo mwembamba uliojaa vimea vidogo vya maua ambavyo huota, huchanua na kufa ndani ya msimu mmoja wa mvua. Kwenye vichuguu, ambako udongo una mfinyanzi na rutuba kuliko pembeni, palisongamana vichaka vyenye mikwaju na mimea inayotambaa ambayo hatua chache kando huioni kabisa. Bondeni nako nyasi za aina nyingine. Nilipozipanga upya ploti kwa kufuata spishi zinazokaa pamoja, badala ya kufuata mti mkubwa unaoonekana kwanza, ule msitu mmoja ukawa jamii nne za mimea. Nne!

Nikawapelekea orodha. Wakaifanya kiambatisho, jina langu wakalitoa. Baadaye wakaguzi wa wakopeshaji wa mgodi walipouliza data za masika, kurasa zilizofunguliwa mezani zilikuwa zangu. Aliyekuwepo ndiye aliyeniambia. Na walikuwa na haki ya kuuliza. Wakopeshaji wanaofuata Kiwango cha Utendaji Namba 6 cha IFC, tawi la Benki ya Dunia linalokopesha kampuni binafsi, cha mwaka 2012, wanataka kujua makazi ya asili yako wapi na yatafanywaje. Sheria yetu ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 nayo inataka tathmini ifanyike kabla ya mradi, siyo katapila likiwa limeshateremshwa.

Kwa hiyo dai masika, na idaiwe kwenye mkataba. Maneno ya mdomo hayana nauli.

Halafu usiingie porini bila mwenyeji, na asiwe yule tu aliyeletwa na mtendaji wa kijiji kufyeka njia. Tafuta wanaochimba ming'oko, vile viazi vya porini. Mama mmoja wa Kimwera alinionyesha kamba kavu imezunguka kijiti, kitu ambacho mimi na digrii yangu nilikuwa nakiruka, akachimba pale pale akatoa viazi. Kiangazi mmea wote ulikuwa chini ya miguu yetu, na kwenye fomu haukuwa na hata mstari.

Majina ya mwenyeji yaandike, lakini kusanya na vielelezo: kata, panga kwenye gazeti, bana kwenye presi, badilisha karatasi kila siku, peleka herbaria, yaani hifadhi ya mimea iliyokaushwa, ya Arusha au ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Kazi ya kuorodhesha mimea ya Afrika Mashariki ilianza 1952 ikamalizika 2012, na spishi zimezidi 12,000. Usiniambie umezibeba zote kichwani. Picha ya simu bila ua wala tunda haitakuokoa.

Weka pia ploti nje ya eneo la shimo, mahali ambapo hapatachimbwa. Bila hizo, mgodi ukifungwa hakuna atakayejua ardhi ilipaswa kurudi kuwa nini. Na hesabu miche na machipukizi, si magogo tu. Miombo hujirudisha zaidi kwa visiki na mizizi, na mbegu za miti yake mikuu hazikai muda mrefu udongoni zikiwa hai. Ukishakwangua udongo wa juu na kuulundika miaka kadhaa, usitegemee msitu utoke kwenye lile lundo. Kitalu cha kupandia upya kitahitaji orodha yako, na orodha isiyo na masika ni orodha ya miti. Ndugu zangu mnaosaini ripoti za Septemba peke yake, mnajua mnachofanya. Mjukuu wa yule mama atakuja kuchimba wapi?

Kuhusu swali lako jingine, la malipo: omba nusu kabla hujapanda gari, na nauli ya masika iwe na mstari wake kwenye bajeti. Ya kwangu nadai hadi leo.