Bosi akikusema pembeni: kwa wageni wa kazi ya forodha Malaba

Juzi nimemsikia kijana mgeni akimcheka mwenzake kwa maneno aliyonong'onezwa na bosi wakati wa chai. Nimeshindwa kunyamaza. Wadogo zangu mnaoanza kazi hapa mpakani, upande wa Uganda, nisikilizeni.

1. Bosi akikuita pembeni akuambie "fulani simwamini tena", usijione umekuwa mtu wa ndani. Kesho fulani ni wewe.

2. Mimi na wewe tukimsema mtu, maneno yanaishia kwenye chapati na maharage. Bosi akimsema, kazi zinahama meza. Tulikuwa na dada mmoja hodari wa entri, yaani yale matamko ya mizigo ya forodha, misimbo ya ushuru ameihifadhi kichwani. Meneja akawaambia wawili watatu kwamba "huyu siku hizi akili yake haiko kazini". Hakumwita, hakumuuliza, hakumwandikia hata barua. Haukupita muda, faili za transiti, mizigo inayopita tu nchini kwenda Kigali na Juba, zikaacha kupita kwake, na madereva waliozoea kumpigia simu wakaambiwa wampigie mwingine. Mwenyewe hajui lolote. Anachoona ni kwamba akiingia, watu wanageukia skrini zao. Hofu ikamshika. Entri moja akawa anaihakiki mara tatu: ankara, manifesti (orodha ya mizigo), uzito, halafu anaanza upya. Siku lori lilipolala yadi kwa kuchelewa kwa entri yake, meneja akasema, "Mnaona? Niliwaambia."

Hapo ndipo panaponiuma mpaka leo. Ule ucheleweshaji wa kazi ulizaliwa na maneno yake meneja, kisha ukageuzwa ushahidi. Na sisi tuliojua yote tulikuwa tunamsalimia kila asubuhi, tunanyamaza. Hakuna aliyemfukuza. Alikusanya vitu vyake, akaenda.

3. Maagizo ya mdomo yathibitishe kwa barua pepe, siku ileile, na namba ya entri iwemo.

4. Ukisikia unasemwa, usizunguke ofisi nzima ukitafuta nani kasema. Mwendee bosi faraghani, kwa heshima: "Mzee, nimesikia kazi yangu ina kasoro. Naomba unionyeshe ni entri ipi." Entri ina namba na tarehe, mtaifungua wote wawili kwenye ASYCUDA, mfumo wa kompyuta wa forodha.

5. Isomeni Sheria ya Ajira ya Uganda ya 2006, jamani. Kabla ya kukufukuza kwa utovu wa nidhamu au utendaji mbovu, mwajiri anatakiwa akueleze sababu kwa lugha unayoielewa na akusikilize, nawe una haki ya kuwa na mtu uliyemchagua. Ukifukuzwa isivyo haki, malalamiko yanapelekwa kwa ofisa wa kazi ndani ya miezi 3. Sisi wilaya yetu ni Tororo. Na hata ukiondoka mwenyewe kwa kusukumwa na mwenendo usiofaa wa mwajiri, sheria inaweza kuhesabu kwamba umeachishwa. Yule dada hakuna aliyemwambia hilo.